Jumamosi ya Tatu kwa Pontiani

Rumonge, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Hiyo alama unayoiona hapo juu, yenye vidole vitano na kisigino, usidhani ni uchafu. Ni mguu wa Ineza. Sasa hivi tu nilikuwa nimelaza karatasi chini nitafute kalamu, akatoka nyuma ya mlango ambako alikuwa amekanyaga kopo la mawese, akapita juu ya barua yako kama mtu anayevuka barabara, akaenda zake kwa Hadjara bila kugeuka. Nilitaka kuichana nianze upya, halafu nikasema hapana, wacha bibi yake aone mguu umekuwa namna gani. Pima na kiganja chako. Wakati wa Pasaka ulikuwa haufiki hapo.

Amahoro, Mama. Sisi huku tunalala na tunaamka, mutoto anacheka, kwa hiyo sina la kumlaumu Mungu. Sijui wewe huko Kabonga. Goti lako linasemaje na hii mvua? Ile dawa ya kuchua niliyotuma na Darius ilifika, ama Darius alijichua mwenyewe? Muhogo wa upande wa mpaka umeota? Na korali, bado mnafanya mazoezi Jumatano, ama yule mwalimu mpya amewahamishia siku nyingine? Nisalimie wote wa sauti ya pili, waambie nawakumbuka. Emery, baba Ineza, anakusalimu pia. Yuko Kizuka bado, mu kazi ya kukamua mawese, anarudi Jumapili na Jumapili, na hata akioga mara mbili bado ananuka chikichi.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu iko. Mama, wewe simu huna. Unayo simu ya jirani yako Agata, na spika ya simu ya Agata inashinda ya msikiti. Kila ninalokuambia linasikiwa kwanza na Agata, halafu na wale wanaosuka mikeka kwake, ndiyo linafika kwako likiwa limekwisha kuchekwa. Haya ya leo sitaki yachekwe kabla wewe hujayajua. Kwa hiyo nimemwomba Darius, maana anakuja huko na gari kubeba samaki, ndagala, akupe mkononi. Isome peke yako, nyuma ya nyumba, polepole kama unavyosoma Zaburi. Na tafadhali usiruke kwenda mwisho, nakujua. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la tatu kule kambini Ulyankulu, Tanzania, na Kifaransa cha hapa kilinifukuza shuleni kabla sijapata mwingine, kwa hiyo ukikuta neno limepinda linyooshe mwenyewe.

Mama, ile kazi ya jioni niliyokuambia nimepata, karibu na ziwa, ambayo ulisema tumshukuru Mungu maana jikoni mtu hafi njaa, si ya jikoni. Mimi sikusema jikoni. Nilisema kazi ya jioni mahali watu wanapokula, ukasema mwenyewe jikoni, na mimi nikanyamaza. Mahali penyewe ni kabare ya Pontiani, panapouzwa bia, na kazi yenyewe ni kuwawekea watu muziki wacheze. Wanaita dije. Na bado sijaipata kabisa. Nimepewa Jumamosi tatu za kujaribiwa. Mbili zimepita, ya tatu ni leo. Leo nikishindwa, Pontiani anaweka mtu mwingine, na hapa Rumonge hakuna mwanamke atakayefunguliwa mlango ule tena, watasema si tulimjaribu mmoja?

Usiinuke bado. Kaa.

Unaijua kazi yangu ya mchana kwa Radjabu, pale kwenye kioski karibu na soko, kuwawekea watu nyimbo mu kadi za simu. Wanakuja wenye moto, hizi pikipiki za abiria, wavuvi, wamama wa soko. Mtu haniambii jina la wimbo. Ananiambia niwekee zile za kupanda mlima, ama niwekee za mtu aliyeachwa lakini hajali, na mimi nachagua. Wakati hakuna wateja nilikuwa naziunganisha, huu uishie ndani ya ule bila mtu kusikia mshono, kama unavyounganisha kitenge ua likaangukia juu ya ua. Baraka, ambaye ndiye dije wa Pontiani, alikuwa anakuja kwetu kuongeza nyimbo zake. Siku moja alisimama mlangoni akasikiliza, akamuuliza Radjabu nani ameunganisha hizi, Radjabu akanionyesha na kidevu. Baraka akacheka, ati huyu anashona muziki.

Ndiye aliyenifundisha kutumia ile meza yao, ndogo tu, iko na visahani viwili na vifungo vingi kama shati la padri. Tulikuwa tunafanya nyuma ya kioski, Jumatatu asubuhi, yeye amechoka na mimi niko na Ineza mgongoni. Halafu akaniambia kwamba siku hizi Jumamosi anaitwa kwenye harusi, anachelewa kufika kabare, na Pontiani anatafuta mtu wa kushika saa za mwanzo. Akasema nenda kaombe mwenyewe, maana mimi nikikuombea atasema wewe ni kitu changu.

Mama, nilienda nikarudi. Nikaenda tena, nikajifanya naulizia samaki. Ile mara niliyoingia kweli, Pontiani alikuwa anapanga kreti tupu. Nikamwambia nataka kazi ya muziki. Akanitazama toka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili, akaniuliza nacheza? Akasema wachezaji anao, wanatoka Bujumbura, na hawavai kitenge cha kanisa. Wahudumu wakacheka. Nikamwambia patroni, sikuja kucheza, nimekuja kuchezesha. Sijui neno lile lilitoka wapi. Aliweka kreti chini. Ati weye mama wa mutoto, utachezesha nani? Akaniambia nije Jumamosi jua likianza kushuka, saa ambazo hakuna mtu, nichezeshe viti. Viti vikicheza atanipa watu. Jumamosi tatu, basi, ya nne hakuna.

Nilimwambia Hadjara kabla ya mtu yeyote, huyu mwenye nyumba wetu, maana ndiye angebaki na Ineza. Nilidhani atatufukuza. Ni Mwislamu wa kweli, hata kivuli chake hakipiti mbele ya kabare. Akaendelea kuchambua mchele wake muda, halafu akasema yeye mu pombe za watu hayumo, lakini mutoto aliyeshiba akalala haulizi mama yake yuko wapi. Halafu akaniuliza kama huyo Pontiani ana choo kinachofungwa kwa ndani, kwa sababu mwanamke asikubali kazi mahali pasipo na choo cha kufunga. Mimi nilikuwa sijafikiri kitu hicho hata kidogo. Nilirudi kuangalia. Kinafungwa.

Jumamosi ya kwanza niliharibu, sina neno jingine. Mikono ilikuwa baridi kama nimetoka kufua ziwani. Viti vimepangwa vitupu, wahudumu wawili wanafuta meza, na mbwa mmoja. Nikaogopa ule ukimya. Nikafikiri nikiweka nyimbo kali watu watasikia toka barabarani waje mbio. Nikaziweka zote, Mama, zile ambazo kwa Radjabu watu wanasukumana kwa ajili yake. Mbwa aliondoka. Watu walipoanza kuingia, wameoga, wananukia, mimi sikuwa nimebakiza kitu. Nikaanza kurudia, na mtu mmoja kwenye meza ya pembeni akauliza kwa sauti kama redio imekwama. Baraka alipofika kutoka harusini akavaa kaske yake, ile ya kuziba masikio, akatazama nilizokwisha kuweka, akashika kiuno. Ati mwanamke mzima, umepika bugali wageni wako bado wanafunga viatu kwao! Sasa wamefika, uwape nini, mwiko?

Pontiani alinipa fanta akageuka. Niliporudi nilimkuta Ineza amelala kwa Hadjara, ameshika ncha ya ushungi wake, nikakaa pale mlangoni nikajiuliza kama kweli namwacha mutoto kwa ajili ya viti.

Wiki ile moyo haukutulia. Kila mteja aliyecheka pale kwa Radjabu, nilidhani ananicheka mimi. Jumapili Emery akaniita dije wa viti. Nikanuna, akadhani mchezo, halafu akaona machozi akaacha. Akaniuliza mbona nyumbani najua? Ati Ineza akilia sianzi na wimbo wa kuruka, naanza chini kabisa, karibu na kunong'ona, namfuata alipo. Hadjara alikuwa anasikia toka uani, akaingilia na la kwake. Akasema mu harusi zao wanawake hawaanzi na ngoma kubwa. Wanaanza makofi wakiwa wamekaa, na mwenye haraka akisimama kabla ya wakati wanamvuta nguo akae, wanamwambia dada, pilau bado iko motoni. Emery akasema basi hata mu kabare pilau iko motoni. Tulicheka, na mimi nikapata usingizi siku ile.

Nikachukua simu mbili, yangu na ya Radjabu, nikawa najaribu juu ya Ineza wakati anakula uji. Akitikisa kichwa huku anakula, najua niko mahali pazuri. Akitupa kijiko akainuka mapema, najua nimekimbia, narudi chini. Mutoto hana heshima ya uongo, Mama. Hapendi wimbo ili akufurahishe wewe.

Basi Jumamosi ya pili nilianza chini. Niliweka za zamani za ng'ambo ya ziwa, za magitaa, ambazo watu wanaweza kuongea juu yake. Wakaingia, wakaagiza, wakasimuliana, wala hawakujua kama kuna mtu anawawekea muziki, na Baraka alikuwa ameniambia hiyo ndiyo dalili nzuri. Wenye moto wakaja, vijana wa mitumbwi wakaja, ikajaa meza ya walimu, na watu wa Muhuta waliokuja kununua mawese. Nikaona goti moja chini ya meza linaanza. Halafu la jirani yake. Mimi napandisha kidogo tu, kama mtu anayeongeza kuni moja moja. Nikasahau kuogopa. Nilikuwa sijawahi kusahau kuogopa tangu tulivyorudi kutoka Tanzania, nadhani. Ndipo umeme ukakatika.

Jenereta ikawashwa, taa zikarudi, lakini kompyuta ya kazi ikakataa. Inawaka inazima, inawaka inazima. Watu wakaanza kupiga chupa na vijiko. Pontiani akaja akasimama mbele yangu mikono kiunoni, akaniambia, mama wa mutoto, naona viti vinarudi kuwa viti. Nikachomoa waya, nikachomeka simu yangu mwenyewe, ile yenye nyimbo za mazoezi, na muziki ukarudi na watu wakapiga kelele za furaha. Sasa, dije akichomeka simu anaizima mtandao kwanza, ujumbe wa mtu usije ukaingia. Baraka alinionya mara nyingi mpaka nikamwambia nimesikia. Siku ile nilisahau.

Mama, hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo. Shika karatasi vizuri.

Wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo waimbaji wananyamaza, inabaki ngoma na gitaa la chini. Simu ikaangaza. Ni wewe, ule ujumbe wa sauti ulionitumia jioni ile kwa simu ya Agata. Nikataka kuusukuma pembeni, kidole kilikuwa na jasho, nikaufungua. Na wewe ukatoka. Mu spika zote, zile kubwa kama makabati, juu ya ile ngoma, ukasema: "Chanceline! Wee Chanceline! Umekula? Usinidanganye, umekula? Na mutoto amekula? Mbona hunijibu? Jibu!"

Nilitaka ziwa lipande linifunike pale pale. Halafu mtu mmoja huko nyuma akaitika kwa nguvu, "Tumekula, Mama!" Na mwingine, "Mimi bado!" Wakaanza wote, upande huu tumekula, upande ule bado, wanapiga meza, wanasimama, mpaka mpishi akatoka na kisu akidhani wanamlalamikia. Na ngoma chini inaendelea. Miaka yote ile ya kuongoza korali imekuwekea ngoma mu kinywa, Mama. Lile "jibu" lako liliangukia mahali pake kabisa, hata ningepanga nisingeweza. Walikuwa wanacheza. Walimu walikuwa wanacheza. Pontiani mwenyewe alikuwa anacheza, na tumbo lake lote.

Mara ya kwanza ilikuwa ajali, nakuapia mbele ya Mungu. Lakini wakaanza kuita, "Mama! Arudi Mama!" Nikatazama simu, nikajua kabisa ninachofanya, nikaweka kidole. Na tena, na tena, mpaka Baraka alipofika. Zile za baadaye ni mimi. Wewe uliyekataa kuimba kwenye harusi ya mtoto wa shangazi kwa sababu palikuwa na bia chini ya meza, nimekusimamisha mu kabare katikati ya chupa, na sikukuomba. Hilo ndilo nililotaka ulijue kutoka kwangu.

Kwa maana utalisikia tu. Watu walirekodi na simu zao. Jumatatu mtu wa kwanza kwa Radjabu alisema niwekee ile ya Mama. Nikamwambia haipo. Akacheka, akasema anayo tayari, anataka iliyo safi zaidi. Radjabu alicheka mpaka akashika ukuta. Jana Darius ameniambia amekusikia mu moto ya mtu pale Nyanza-Lac, na kutoka Nyanza-Lac mpaka kwako nani atakuzuia? Naogopa Agata atakutambua kabla yako. Naogopa korali. Usiku huu wote nilikuwa najiuliza kama barua itashinda moto mbio.

Iko kitu kimoja zaidi, na sijui nikiweke upande gani. Siku ile Baraka alipochukua meza, mtu mmoja wa Muhuta alinifuata, mtu mzima, mwili kama mlango wa stoo. Nikajiandaa kumwambia nimeolewa. Akaniuliza tu, yule mama yuko hai? Nikamwambia yuko hai, yuko Kabonga. Akasema basi umwambie kuna mtu wa Muhuta hajala tangu asubuhi. Akajaribu kucheka. Akasema kwake aliyekuwa anauliza maneno hayo walimzika kabla ya kuvuna maharagwe, na tangu hapo anakula akikumbuka. Halafu akaenda akakaa peke yake, akaagiza sahani, nikamwona anaimaliza yote.

Sasa Pontiani. Juzi alikuja mwenyewe kwenye kioski, jambo ambalo hajawahi kufanya. Anataka leo nimweke Mama. Akisikia Mama, Jumamosi zote ni zangu, na ataandika kwenye ubao wa nje "Dije Chanceline na Mama Yake". Nikamwambia siwezi bila ruhusa yako. Ati mama gani huyo anakataa mwanae ale? Nikamwambia patroni, wangu humjui. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema bila ile sauti mimi ni mtu wa kuweka nyimbo tu, na wa kuweka nyimbo tu anao kijana wa Bujumbura, anamngoja kwa simu.

Nimefikiri sana, Mama. Nimeamua hivi: bila neno lako sauti yako haitoki leo. Nitaanza chini, nitaongeza kuni moja moja kama nilivyojifunza, na Pontiani akiona haitoshi basi haitoshi. Ila naogopa kweli. Kazi hii nimeipenda. Sinywi, nafunga kitambaa changu, Baraka ananiheshimu kama dada. Na hata kwenye harusi za kanisani siku hizi wanatafuta mtu wa kuweka muziki, na mama wa bibi harusi angemwamini mwanamke mwenzake kuliko vijana wenye miwani ya jua gizani. Naona mbali kidogo, Mama. Nilikuwa sioni mbali. Nataka siku Ineza akiulizwa shuleni mama yako anafanya kazi gani, awe na neno la kusema, asitazame chini.

Darius anasema atakuwa huko kabla ya jua kugeuka. Ukimaliza kusoma, nenda kwa Agata umwombe simu. Usieleze chochote. Kama unakubali, sema "haya". Kama hukubali, sema "tutaongea", maana tangu nizaliwe tutaongea yako haijawahi kuwa ndiyo, na mimi nitaelewa. Agata atadhani ni habari za muhogo. Na kama umekasirika hata kuniita huwezi, nyamaza tu. Hiyo pia nitaielewa, ingawa nakuomba usichague hiyo.

Karatasi inaisha. Nisalimie shangazi na watoto wake, nisalimie jirani zako wa upande wa shule, na Agata pia msalimie, kusikia kwake si dhambi, ni simu yake. Mchungaji msalimie lakini usimsimulie kwanza. Usibebe maji na goti hilo, tuma watoto. Mungu akulinde mpaka tuonane macho kwa macho, na akikupa hasira akupe na usingizi wa kuilaza. Murakoze kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mwanao, anayekupenda na anayekuogopa,

Chanceline

Mama, nafasi imebaki hapa chini kidogo, kuna kimoja sijasema. Usidhani siku ile nilikuwa nacheka pamoja nao. Watu wote wale walikuwa wanakujibu, na wewe ulikuwa unaniuliza mimi. Mimi sikukujibu, kesho yake nikakutumia tu picha ya kidole gumba. Hadjara ananiita toka nje, anasema Darius amewasha gari na hamngoji hata rais, nakuja, nakuja, acha nimalize, Mama jibu langu ni kwamba toka asubuhi siku ile kwa ule woga sikuwa nimeku